Mradi wa programu huria wenye mtunzaji mmoja: nani apewe funguo, lini, na kwa masharti gani?

mtunza_matoleo

Wakuu, naomba mawazo ya wanaoijua kazi ya kutunza miradi ya programu huria yenye watumiaji wengi.

Hali iko hivi. Ni maktaba ya kuchambua faili za data. Hifadhi ya msimbo iko GitHub chini ya akaunti ya mtu binafsi, vifurushi vinachapishwa PyPI na npm (maghala ya umma ya vifurushi vya Python na JavaScript). Mwanzilishi ndiye kila kitu: anaunganisha mabadiliko, anachapisha matoleo, taarifa za usalama zinaingia kwenye barua pepe yake, kikoa cha tovuti kinalipiwa na kadi yake. Wachangiaji wa kudumu ni watatu. Mmoja ametuma maombi ya kuunganisha yapatayo 60 ndani ya miezi 14, kazi safi, ila anatumia jina la kubuni na hakuna anayemfahamu nje ya mradi. Sasa anaomba haki ya kuchapisha. Wiki hiyohiyo wamejitokeza watumiaji wawili wapya wakilalamika kwamba matoleo yanachelewa na kwamba "apewe mwenye nguvu".

Maswali:

1. Uaminifu wa mtu usiyemjua unapimwaje?
2. Haki zipi zitangulie, zipi zisubiri?
3. Watunzaji wakibishana, neno la mwisho ni la nani?
4. Mwanzilishi akitoweka ghafla, mradi unabaki mikononi mwa nani?

---

fungu_la_funguo

Swali la kwanza limekaa vibaya, ndiyo maana linakusumbua. "Tumwamini au tusimwamini" ni swali la kuulizia mchumba. Kwenye mradi uliza hivi: tumwamini kwa lipi, akiharibu tutagundua baada ya muda gani, na kurudisha hali kutahitaji nini?

Anza na daftari. Kila mamlaka iwe na mstari wake: kuunganisha kwenye tawi kuu, kubadili mipangilio ya hifadhi, siri za mtambo wa ujenzi (huduma inayojenga na kupima msimbo yenyewe), kuchapisha PyPI, kuchapisha npm, kikoa na DNS, sanduku la taarifa za usalama, akaunti ya michango, ufunguo wa saini. Mbele ya kila mstari weka safu tatu: nani anayo leo, nani wa akiba, na ananyang'anywaje. Kwa kawaida ukifika safu ya tatu kalamu inasimama. Na usisahau anwani ya barua pepe iliyosajili akaunti zenyewe. Mei 2022 kifurushi cha ctx kule PyPI kilitekwa kwa sababu kikoa cha barua pepe ya mwenye kifurushi kilikuwa kimeisha muda. Mtekaji alikisajili upya, akaomba kubadilisha nenosiri, akaletewa kiungo kwenye sanduku ambalo sasa ni lake. Hakuvunja kufuli yoyote.

Pili, hamisheni hifadhi kutoka akaunti binafsi kwenda akaunti ya shirika. Kwenye akaunti binafsi GitHub ina ngazi mbili tu, mwenye mali na mshirika, na mshirika anapata haki ya kuandika papo hapo. Kwenye shirika kuna tano: Read (kusoma), Triage (kupanga maombi na hitilafu), Write (kuandika), Maintain (kusimamia), Admin (mamlaka kamili). Wenye shirika wawe wawili kwa uchache. Zaidi ya watatu ni kuongeza milango ya kuvamiwa. Anwani ya zamani itaendelea kuelekeza kwenye mpya, hata kwa `git clone`, mradi tu asitokee mtu akafungua hifadhi nyingine yenye jina lilelile mahali pa zamani. Hapo uelekezaji unakufa. Tovuti ya GitHub Pages haielekezwi kabisa, kwa hiyo sahihisheni viungo mapema.

Upande wa kuchapisha, jueni tofauti za ghala zenyewe. PyPI ina Owner na Maintainer: huyu wa pili anapakia matoleo lakini hawezi kuongeza wala kuondoa watu. npm haina ngazi hizo kwa kifurushi cha mtu binafsi: ukimwongeza mtu kwa `npm owner add`, ana uwezo kama wako, pamoja na wa kukutoa wewe. Watu wengi hulijua hili wakati wameshachelewa.

Lakini lililo bora kuliko yote ni kwamba binadamu yeyote asishike haki ya kuchapisha kwa mkono. PyPI wana uchapishaji wa kuaminiana na mtambo tangu Aprili 2023, npm tangu Julai 2025. Unaiambia ghala: pokea kifurushi hiki kutoka hifadhi hii, faili hili la mtambo, na mazingira haya tu. Mtambo unapewa tokeni ya muda mfupi (PyPI ni dakika 15) na hakuna siri ya kudumu ya kuibwa. Kisha:

- Tengeneza mazingira, tuseme `kuchapisha`, na weka waidhinishaji wa lazima. GitHub inaruhusu hadi 6, na idhini ya mmoja inatosha.
- Washa kizuizi cha mtu kuidhinisha uchapishaji alioanzisha mwenyewe. Bila hicho, kipengele kizima ni pambo.
- Ruhusu mazingira hayo kwa tagi za matoleo tu, mfano `v*`, na linda tagi hizo zisifutwe wala kuhamishwa.
- Futa tokeni zote za zamani. Hapa ndipo watu wanapoteleza: wanajenga mlango wa chuma mbele, wanaacha dirisha la jikoni wazi. Npm ina mpangilio wa kukataza tokeni kabisa kwa kifurushi husika, uwashe.

Baada ya hapo ombi la mchangiaji wenu linapungua uzito. Haombi tena funguo za nyumba, anaomba kuwa mmoja wa wanaobonyeza "nakubali" kwenye tendo ambalo kila mtu analiona. Mpeni Triage sasa hivi. Write baada ya miezi michache ya kukagua kazi za wengine, maana ukaguzi unaonyesha akili ya mtu kuliko msimbo anaouandika. Kuidhinisha matoleo baadaye kidogo. Umiliki wa shirika na Owner wa PyPI viwe vya mwisho kabisa, na si lazima vifike.

---

kagua_tarbo

Nakubaliana na @fungu_la_funguo, ila niguse hao watumiaji wawili wapya, maana hilo ni jambo la kushtua. Simtuhumu mchangiaji wenu. Inawezekana kabisa ni mtu safi aliyechoka kusubiri. Lakini mpangilio huo umeshaonekana.

Kwenye xz (zana ya kubana faili iliyomo kwenye Linux nyingi), aliyejiita Jia Tan alianza kuchangia 2021. Mwaka 2022 zikajitokeza akaunti ambazo hazikuwa na historia yoyote, zikimsukuma mtunzaji kwenye orodha ya barua: viraka vinachelewa, ongeza mtu. Mtunzaji alikuwa peke yake na alishasema wazi kwamba amechoka. Kufikia 2023 Jia Tan alikuwa anatoa matoleo. Februari 2024 likatoka 5.6.0 lenye mlango wa nyuma, Machi likafuata 5.6.1. Tarehe 29 Machi 2024 Andres Freund alitangaza alichokikuta, baada ya kuona kuingia kwa SSH kunachelewa kwa takriban nusu sekunde. Namba yake kwenye orodha ya matundu ya usalama ni CVE-2024-3094.

Kwa hiyo miezi 14 ya kazi nzuri si ushahidi wa kutosha. Yule alivumilia zaidi ya miaka miwili. Kilichokosekana pale ni mahali ambapo jicho la pili lingetua.

La kwanza, faili la `build-to-host.m4` lililoamsha mlango ule halikuwa kwenye git kwa sura ile. Lilikuwa ndani ya tarbo (faili lililobanwa la msimbo) la toleo pekee. Waliokagua hifadhi hawakuliona kwa sababu halikuwemo. Linganisheni kila toleo:

```
mkdir -p /tmp/a /tmp/b
git verify-tag v2.8.0
git archive --prefix=m/ v2.8.0 | tar -x -C /tmp/a
tar -xzf maktaba-2.8.0.tar.gz -C /tmp/b
diff -r /tmp/a/m /tmp/b/maktaba-2.8.0
```

Kwa PyPI mtaona `PKG-INFO` na pengine folda ya `egg-info` zimeongezeka, hizo zinaeleweka. Faili lolote jingine lisilo na maelezo, toleo lisimame. Kwa npm, `npm pack maktaba@2.8.0` itashusha kilichochapishwa kweli, na ndani yake kila kitu kiko chini ya folda `package/`. Kama mnatumia autotools (zana za kuandaa ujenzi wa programu) kazi inaongezeka, kwa sababu `configure` huzalishwa wakati wa kutoa toleo. Hapo msisome `configure` (mistari maelfu, hakuna atakayemaliza), izalisheni upya kwa `autoreconf -fi` kwenye mashine safi yenye zana za toleo lilelile, kisha linganisheni.

La pili, mzigo wenyewe ulifichwa kwenye faili za majaribio za binari, zilizodaiwa kuwa mifano ya faili zilizoharibika. Maktaba ya kuchambua data lazima itakuwa na faili kama hizo. Kanuni: kila faili la binari liingie pamoja na skripti inayolizalisha, au maelezo ya lilikotoka na heshi yake (alama ya kidijitali ya yaliyomo). Na hatua ya ujenzi isiguse folda ya majaribio kabisa. Njia rahisi ya kuthibitisha ni kufuta folda hiyo na kujenga. Ujenzi ukishindwa, kuna kitu.

La tatu ndilo ninalolipa uzito zaidi: angalieni mabadiliko yanayopunguza macho. Yule mtu aliomba kipengele fulani kizimwe kwenye majaribio ya OSS-Fuzz (huduma ya Google inayosaka hitilafu kwa kuitupia programu data ya ovyo). Aliingiza nukta moja kwenye `CMakeLists.txt` iliyofanya kipimo cha Landlock (ulinzi wa Linux unaoibana programu) kishindwe kimyakimya, ulinzi ukabaki umezimwa. Nukta moja! Kwa hiyo tengenezeni orodha: kuzima onyo, kuruka jaribio, kubadili anwani ya kuripoti usalama, kuhamisha tovuti, kuongeza tegemezi jipya, kubadili mtambo. Hayo yasiunganishwe siku yalipoletwa, hata yakiletwa na mwanzilishi.

Kuhusu jina la kubuni: halina shida lenyewe. Watunzaji wengi wazuri hawatumii majina yao. Kitambulisho cha serikali hakitawaambia kama mtu ataharibu, na nyinyi hamna uwezo wa kukihakiki wala wajibu wa kukitunza. Kinachofaa ni mwendelezo: ufunguo mmoja wa saini kwa muda mrefu, uthibitisho wa hatua mbili wa ufunguo wa vifaa, na mazungumzo ya kiufundi ya papo kwa papo mara kadhaa.

---

sheria_chache

Yote hayo sawa, lakini ngoja nimwage maji kidogo kwenye moto huu. Mradi una watu wanne. Mkiweka masharti ya mradi wa watu 400, mtapata kitu kimoja tu: mwenye Admin ataanza kuruka masharti "kwa leo tu", na baada ya miezi mitatu kuruka ndiyo desturi. Sheria inayorukwa kila wiki ni mbaya kuliko kutokuwa nayo, kwa sababu kumbukumbu zinaonyesha kuna ulinzi na ulinzi haupo.

Na kumbukeni kilichoifanya xz iwe rahisi kushambuliwa: mtu mmoja, amechoka, analaumiwa. Mkimwongezea fomu za kujaza, mmezidisha udhaifu uleule.

Mpangilio unaowezekana kwa watu watatu hadi watano:

Idhini moja, si mbili, kabla ya kuunganisha, na iwahusu wenye Admin pia. Wekeni idhini ifutike mtu akisukuma msimbo mpya, na sharti kwamba msukumo wa mwisho uidhinishwe na asiyeusukuma. Bila hilo la pili, mwenye Write anaweza kusukuma kitu kwenye tawi la ombi la mwenzake, kisha akaliidhinisha yeye mwenyewe, maana kwenye karatasi si mwandishi wake.

Tumieni CODEOWNERS (faili linalotaja nani lazima aidhinishe mabadiliko ya faili fulani) kwa njia nyeti tu: `.github/`, `pyproject.toml`, `package.json`, folda ya faili za binari. Folda `.github/` ikiwemo, na CODEOWNERS yenyewe ikikaa humo, nayo inalindwa. Angalizo: ukimtaja mtu asiye na haki ya kuandika, GitHub haimhesabu, na utadhani njia ile inalindwa kumbe haina mwenyewe.

Kwenye mtambo, mambo mawili. Vitendo vya watu wengine vifungwe kwa heshi kamili ya herufi 40, si kwa tagi. Machi 2025 tagi za tj-actions/changed-files zilihamishwa zikaelekezwa kwenye msimbo wa kuiba siri, na waliotaja `@v45` wakauchukua bila kubadili herufi. Na msitumie `pull_request_target` kuendesha msimbo wa mchangiaji: kichocheo hicho kinaendeshwa na siri za hifadhi yenu mkononi. Kikiishia kubandika lebo, sawa. Kikivuta tawi la mgeni na kulijenga, mmemkabidhi siri.

Sasa swali la 3, ambalo wenzangu wameliruka.

Mradi wa watu wanne hauhitaji katiba. Unahitaji ukurasa mmoja wa GOVERNANCE.md unaojibu: nani ni mtunzaji leo (majina), anaongezwaje, anaondolewaje, na ubishi unaishaje. Kwa mambo ya kila siku, ukimya ni ridhaa: pendekezo linawekwa wazi, saa 72 zikipita bila pingamizi, linapita. Apache (taasisi ya programu huria) wanatumia muda huo, na sababu ni ya kawaida tu: watu wako kwenye saa tofauti na wana wikendi.

Kwa pingamizi, nao wana kanuni ya kuiga. Kura ya -1 kwenye badiliko la msimbo ni turufu, lakini lazima iwe na sababu ya kiufundi. Isipokuwa nayo haihesabiki. Kutoa toleo hakuna turufu: zinahitajika kura za +1 zisizopungua 3 za wenye haki ya kura, na +1 ziwe nyingi kuliko -1. Tofauti hiyo ina maana. Badiliko moja linaweza kusubiri, lakini mtu mmoja asiweze kuzuia matoleo yote ya mradi. Kwenu nyinyi badilisheni 3 iwe 2.

Mwanzilishi akitaka kubaki na neno la mwisho, abaki nalo, ila liandikwe. Hatari ya mwamuzi mmoja si udikteta. Hatari ni siku anapochoka. Guido van Rossum alijiuzulu uongozi wa Python Julai 2018, baada ya ubishi mkali wa PEP 572 (pendekezo la kubadili Python) kuhusu alama `:=`. Hapakuwa na utaratibu wa mrithi. Yakaandikwa mapendekezo saba ya namna ya kutawala, kura ikapigwa Desemba, na baraza la kwanza la watu watano likapatikana Februari 2019. Kama miezi saba, kwa jamii kubwa yenye watu wazima. Kwenye kanuni walizopitisha kuna kifungu kimoja kidogo ambacho ningekinakili neno kwa neno: wajumbe wasiozidi wawili kutoka kwa mwajiri mmoja.

---

mtunza_matoleo

Asanteni sana, nimeshaanza daftari na kweli safu ya tatu imebaki tupu.

Mawili yamebaki. Swali la 4 halijaguswa. Na kuna jambo sikuliandika mwanzoni: kampuni moja inayotumia maktaba imejitolea kumlipa mtu wa kuitunza nusu muda. Masharti yao ni kwamba wachangiaji wote wasaini mkataba wa kuipa kampuni haki za msimbo, na kikoa kihamie kwao "ili kirahisishwe kulipiwa".

---

leseni_na_jina

Pesa pokeeni. Hayo mawili kataeni, kwa adabu.

Mkataba wa aina hiyo una kazi moja kuu: kumwezesha anayeushika kutoa msimbo wa kila mtu chini ya leseni nyingine bila kuuliza. Kampuni ya HashiCorp walifanya hivyo na programu yao Terraform Agosti 2023, kutoka MPL 2.0 (leseni huria) kwenda BSL 1.1 (isiyo huria), na ndani ya wiki chache waliojitenga walikuwa wameanzisha OpenTofu. Mbadala ni cheti cha asili cha msanidi, ambacho Linux inakitumia tangu 2004: mchangiaji anaongeza mstari wa `Signed-off-by` kwa `git commit -s`, akithibitisha kwamba ana haki ya kuutoa msimbo huo chini ya leseni ya mradi. Hakabidhi chochote kwa mtu. Mtambo unaweza kukagua mstari huo na kukataa ombi lisilo nao.

Msijidanganye lakini kwamba bila mkataba mko salama. Leseni yenu ikiwa ya aina ya BSD au MIT, mwenye jina na hifadhi anaweza kutoa matoleo yajayo kwa masharti mengine hata bila saini zenu. Redis (hifadhidata) ilikuwa BSD. Machi 2024 ikahama, na Valkey (mradi uliojitenga nayo) ikaanzia kwenye toleo la 7.2.4. (Mei 2025 Redis wakaongeza AGPLv3, leseni huria, kama chaguo.) Matoleo yaliyokwishatoka hubaki na leseni yake ya zamani, kwa hiyo msimbo haupotei. Kinachopotea ni jina, kikoa na mazoea ya watumiaji.

Ndiyo maana kikoa ni kikubwa kuliko kinavyoonekana. Polyfill.io (huduma ya skripti za tovuti): mapema 2024 kikoa na akaunti ya GitHub viliuzwa, na Juni tovuti zaidi ya 100,000 zilizovuta skripti kutoka hapo zikawa zinapokea msimbo mbaya. Na Freenode (mtandao wa gumzo wa miradi huria), Mei 2021: wahudumu wa mtandao ule walikuwa na ujuzi, historia na heshima, lakini karatasi za umiliki zilidaiwa na mtu mwingine. Waliondoka kwa pamoja wakaanzisha Libera Chat, na miradi mikubwa ikawafuata. Walifaulu kwa sababu walikuwa wameungana. Miradi mingi haina umoja huo.

Kampuni ikitaka kusaidia kikoa, ilipie miaka 10 mbele (ndio ukomo wa vikoa vingi vya kawaida) kwenye akaunti ya msajili ambayo watunzaji wawili wanaishika. Kama kuna pesa na nia, wekeni jina na kikoa chini ya taasisi mwavuli isiyo ya faida. Mtu wao anayelipwa aingie kama mchangiaji mwingine yeyote, apande ngazi zilezile, na akiacha kazi haki zake zibaki zake, si za mwajiri. Liandikeni hilo kabla ya mshahara wa kwanza.

Swali la 4. Kutoweka kuna aina mbili: mtu amepata dharura, au amechoka na anataka kumkabidhi yeyote. Ya pili ndiyo iliyoiangusha event-stream (kifurushi cha npm). Mwaka 2018 mtunzaji asiyeitumia tena alimpa haki za npm mgeni aliyeomba kwa barua pepe. Septemba toleo la 3.3.6 likaongeza tegemezi la flatmap-stream, lililokuja kubeba msimbo wa kuiba bitkoini kwenye pochi ya Copay. Kisha mtekaji akatoa 4.0.0 isiyo na tegemezi hilo, hivyo anayetazama tawi kuu anaona pasafi, huku walioandika `^3.3` wakiendelea kupokea sumu. Likagundulika Novemba. Aliyechoka afunge hifadhi iwe ya kusomwa tu, aweke taarifa ya kuacha kwa `npm deprecate`, na mrithi achapishe kwa jina jipya. Watumiaji wachague wenyewe kumfuata.

Kwa dharura: wekeni misimbo ya kurejesha akaunti na funguo kwenye kumbukumbu iliyosimbwa, kisha nenosiri lake ligawanywe vipande vitatu, viwili vikitosha kulirudisha:

```
ssss-split -t 2 -n 3
```

Zana hii inapokea herufi zisizozidi 128, ndiyo maana mnagawa nenosiri na si kumbukumbu yenyewe. Mwanzilishi asiwe mmoja wa watatu. Mkiliunganisha mara moja kwa mwaka kwa majaribio, badilisheni nenosiri na kugawa upya, kwa sababu aliyeliona zima sasa analo peke yake.

Msitegemee ghala liwaokoe. PyPI wana utaratibu wa PEP 541 wa kifurushi kilichotelekezwa, lakini wanamtafuta mwenyewe mara zisizopungua tatu na kuacha baada ya wiki 6, pawe hapana toleo kwa miezi 12, na bado mueleze kwa nini jina jipya halitoshi. Kwa tundu la usalama la leo hiyo haisaidii.

---

fungu_la_funguo

Nijaze ile safu ya tatu, maana imeachwa. Utaratibu wa kumwondoa mtu uandikwe wakati bado mnapendana, na uwe mmoja kwa aliyestaafu na aliyefukuzwa. Asiyeonekana kwa miezi 12 anahamia orodha ya wastaafu moja kwa moja, jina linabaki, haki zinatoka, na akirudi anarudishiwa kwa kuomba tu. Ikiwa ya moja kwa moja, hakuna anayeaibika.

Mfuatano, kwa dharura, ni huu: kuchapisha kwanza (npm, PyPI, waidhinishaji wa mazingira), halafu umiliki wa shirika, halafu hifadhi, halafu DNS na sanduku la usalama, mwisho gumzo na mitandao ya kijamii. Wengi huanza na gumzo kwa sababu ndiko ugomvi uliko, na kumpa mtu dakika 20 za hasira akiwa bado na haki ya kuchapisha.

Kisha tafuta kilichobaki nyuma. Kumtoa mtu GitHub hakufuti funguo za usambazaji alizoweka kwenye hifadhi; hizo hazifungwi na akaunti yake na zinaendelea kufanya kazi. Angalia pia viunganishi vya wavuti, programu zilizounganishwa na shirika, na faili za mtambo zilizobadilishwa siku 90 zilizopita. Kila siri ya mtambo ibadilishwe hata kama mipangilio haionyeshi thamani yake: mwenye Write angeweza kuitoa kwa faili la mtambo la mistari mitano.

---

mtunza_matoleo

Swali dogo la mwisho: hao watumiaji wawili waliokuja kumsemea, wajibiwe nini?

---

kagua_tarbo

Jibu moja, hadharani, bila kumtaja mchangiaji: "Ngazi za kuwa mtunzaji ziko GOVERNANCE.md. Matoleo yamecheleweshwa na maombi haya manne, yanahitaji wakaguzi." Weka viungo vya hayo maombi manne. Kama ni watumiaji wa kweli, mmoja wao atafungua angalau moja na kulijaribu. Kisha angalieni kama akaunti hizo zimewahi kuripoti hitilafu popote, na mjibu mchangiaji wenu kwa faragha kwamba ombi lake limepokewa na ngazi ya kwanza inaanza leo.